UZI: Hesabu za GRE kwa sisi tuliozikimbia hesabu tangu sekondari

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari za majukumu. Kwenye ule mjadala wa ufadhili wa masta kule Marekani watu wamenijaa PM na swali ni lile lile, "nilisoma HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza), hesabu fomu foo nilipata F, chuo nikapiga sosholojia, sasa programu ninayoitaka wanadai GRE (ule mtihani wa kuombea masta), naanzia wapi?" Badala ya kujibu mmoja mmoja nimeona nifungue uzi kabisa, wazoefu mtaongezea nyama, wabishi nanyi karibuni.

Kabla ya yote ingia kwenye ukurasa wa programu yenyewe, sio wa chuo kwa ujumla, uone kama kweli wanaitaka. Kuanzia 2020 programu nyingi zimeifuta au zimeifanya hiari, na ada yake ni dola 220, hiyo ni zaidi ya laki tano za kibongo, usiitoe kwa sababu tu mtu kijiweni kakwambia bila GRE Marekani huendi. Wakiandika ni hiari na hesabu zako ndio hizo, mara nyingi bora uachane nayo kuliko kuwapelekea alama mbovu.

Haya, umeshahakikisha wanaitaka. Tangu Septemba 2023 ETS, ndio wenye mtihani, waliufupisha, sasa hivi wote unaisha ndani ya saa 1 na dakika 58, insha moja, vipande viwili vya lugha na viwili vya hesabu. Hesabu kipande cha kwanza maswali 12 kwa dakika 21, cha pili maswali 15 kwa dakika 26, piga mwenyewe utaona ni kama dakika moja na robo tatu kwa kila swali. Alama zinaanzia 130 zinaishia 170. Ukijibu vizuri kipande cha kwanza, cha pili kinakuja kigumu zaidi na ndiko alama za juu ziliko, ukiboronga cha kwanza unaletewa chepesi ila hata ukikipata chote juu hufiki.

Sasa kitu ambacho watu wakiambiwa hawaamini: humo ndani hakuna kalkulasi wala trigonometria. Kuna hesabu za kawaida (sehemu, asilimia, uwiano, vipeo), aljebra, jiometri ya maumbo ya kawaida na takwimu kidogo za wastani, grafu na uwezekano. Yaani ni darasa la sita mpaka kidato cha tatu hivi, ila limeulizwa kwa ujanja. Ndio maana unakuta jamaa wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) anaingia kwa kujiamini anatoka na alama za kawaida tu, na mtu wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) aliyekaa chini akajenga msingi anatoboa.

Kwa hiyo mtu wa msingi mbovu tatizo lake sio GRE, tatizo lake ni sehemu na namba hasi. Na hapa ndipo wengi wanapopotea, mtu akishalipia tu anatafuta maswali ya GRE anaanza kusolvu, anakwama, anafungua jibu, anasema aah kumbe, anaenda la pili. Baada ya mwezi kakariri majibu ya maswali mia, ukimbadilishia namba tu kwenye swali anakutolea macho.

Jipime hivi, kalamu na karatasi, kalkuleta weka mbali. 3/4 toa 2/3. Halafu 0.2 mara 0.03. Halafu −3 toa −8. Halafu 15% ya 240. La mwisho, 3(x − 2) = x + 8, x ni ngapi? Majibu ni 1/12, 0.006, 5, 36 na 7. Kama hata moja limekutoa jasho au umelipata kwa kubahatisha, mtihani usiuguse kwanza, rudi kidato cha kwanza. Usione aibu, vitabu vya hesabu vya kidato cha kwanza na cha pili vya TIE (Taasisi ya Elimu Tanzania) viko kwenye maktaba yao ya mtandaoni bure, unasomea kwenye simu hata ukiwa kwenye daladala na hakuna atakayejua unasoma nini.

Na ukirudi usirudi kukariri tena, maana kukariri ndiko kulikotufikisha hapa. Ile 3/4 toa 2/3, tulifundishwa tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika), sawa, ila kwa nini? Kwa sababu robo na theluthi ni vipande visivyolingana, huwezi kuvitoa mpaka vyote uvikate viwe vya ukubwa mmoja, 9/12 toa 8/12, imebaki 1/12. Ukishaelewa hivyo hutakuja kutoa kiasi kwa kiasi na asili kwa asili tena maisha yako yote.

Mfano mwingine MAGAZIJUTO. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, wote tuliimba. Sasa chukua 10 − 4 + 3. Ukiifuata MAGAZIJUTO kama wimbo unajumlisha kwanza, 4 na 3 ni 7, kisha 10 toa 7 unapata 3. Umekosa. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa, unaanzia kushoto unaelekea kulia, na kuzidisha na kugawanya hivyo hivyo. Kuna watu wana digrii mbili na hili halijawahi kuwakaa sawa, na GRE inalijua hilo vizuri sana.

Halafu asilimia. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu kwenye pepa zimejaa mno. Umenunua kitu 118,000 pamoja na VAT ya 18%, bila VAT kilikuwa bei gani? Watu wengi wanatafuta 18% ya 118,000 wanaitoa, wanapata 96,760. Jibu ni 100,000. Ile 18% ilipigwa kwenye bei ya mwanzo, haikupigwa kwenye 118,000, kwa hiyo 118,000 ni 118% ya bei unayoitafuta, unagawanya kwa 1.18 basi. Au bidhaa ya 100,000 imepanda 20% halafu ikashuka 20%, watu wanasema imerudi pale pale. Haijarudi, imepanda ikawa 120,000, na 20% ya 120,000 ni 24,000, imebaki 96,000. Kila ukikutana na asilimia jiulize ni asilimia ya nini. Ukilielewa hili moja tu kuna maswali kadhaa umeshayaokota.

Mwisho kuna aina ya maswali ambayo kwenye shule zetu hatukuwahi kuiona, ya kulinganisha. Unapewa Kiasi A na Kiasi B, machaguo ni yale yale siku zote: A ni kubwa, B ni kubwa, viko sawa, au taarifa hazitoshi kujua. Mfano, x kipeo cha pili ni 16, Kiasi A ni x, Kiasi B ni 4. Mkono unakimbilia "viko sawa". Kumbe x inaweza kuwa −4 pia, kwa hiyo jibu ni la nne, haijulikani. Hawakupimi kuzidisha hapo, wanapima kama unakumbuka namba hasi zipo duniani.

Nimesema mengi, endeleeni.

#2

Nimekaa siti ya mbele na daftari. Hiyo ya 118,000 nimepata 96,760 na mimi ni mhasibu jamani 😂

#3

Mleta uzi nakupinga kidogo. Mimi muda sina, dedilaini ya maombi ni Desemba, sasa nikianza kusoma kidato cha kwanza si nitafika kidato cha pili dedilaini imeshapita? Mimi naona bora mtu apige maswali ya mtihani mengi kadiri awezavyo, akikosa ndio anarudi kwenye hiyo mada. Huo msingi utajijenga wenyewe njiani.

#4 (mleta uzi)

Mkuu #3 hiyo njia inafanya kazi kwa mtu ambaye msingi anao ila umepata kutu. Huyo akikosa swali la uwiano anasoma ukurasa mmoja inarudi yote. Ila mtu ambaye hajawahi kuujua uwiano, kila swali atakalokosa linamrudisha kwenye mada tatu kwa mpigo, kwa sababu swali la GRE halikai kwenye mada moja, utakuta uwiano, asilimia na aljebra humo humo, na hajui kipi kati ya hivyo ndio kimemuangusha.

Na sijasema usome kitabu kizima. Hesabu za biashara, seti, vekta, hizo ruka zote. Chukua namba kamili na namba hasi, sehemu na desimali, asilimia, uwiano, vipeo na vipeuo, milinganyo, kisha eneo na mzingo wa pembetatu, mstatili na duara, basi. Mtu mwenye miezi minne, nusu ya kwanza asiguse swali la GRE hata moja. Mwenye miezi miwili kweli ana presha, ila hata huyo wiki tatu za mwanzo azitoe kwa msingi, atakachopoteza hapo anakirudisha mbele kwa kasi.

#5

Habari zenu wadau, niko Nairobi. Kwetu hisabati ni lazima kwa kila mtu mpaka kidato cha nne, lakini ulazima sio kuelewa, mimi KCSE (mtihani wetu wa kidato cha nne) nilipata D plain na nikafurahi sana kuagana nayo. VAT yetu ni 16% kwa hiyo nimejifanyia hiyo hesabu na 116, sasa imeingia. Swali langu, huu mtihani wa kufanyia nyumbani ukoje, na hesabu unaziandika wapi?

#6

Dada #5 (au kaka, samahani) nilifanyia nyumbani. Unahitaji kompyuta, simu na tableti hawaruhusu, chumba uwe peke yako mlango umefungwa, kamera inakumulika muda wote na kuna mtu anakuangalia. Sasa la kuzingatia, karatasi za kawaida ni marufuku. Unatumia ubao mdogo mweupe na kalamu ya kufutika, au karatasi moja uliyoitia ndani ya ile plastiki angavu ya kuhifadhia nyaraka unaandikia juu ya plastiki unafuta. Ukimaliza unawaonyesha kwenye kamera umefuta. Zoezi lote fanyia kwenye hiyo plastiki kuanzia mwezi mmoja kabla, maana mkono uliozoea daftari kubwa unakosa nafasi, unaanza kuandika vinamba vidogo unasoma 6 kama 0.

Na umeme na intaneti, kila mtu anajua mtaani kwake hali ikoje. Kama huna uhakika nenda kituoni.

#7

Mimi nilisoma PCM na nakubaliana na mleta uzi kwamba hii kitu haina undugu na Advance (kidato cha tano na sita). Naongeza mawili matatu.

Kwenye kulinganisha, kama A na B zote ni namba tupu hakuna x wala y, chaguo la "haijulikani" lifute hapo hapo, maana namba mbili zinazojulikana lazima zilinganishike. Kama kuna x, usiweke 2 na 3 tu kama tulivyozoea, jaribu 0, jaribu 1, jaribu hasi, jaribu nusu. Mfano x ni kubwa kuliko 0, A ni x kipeo cha pili, B ni x. Ukiweka 2, A ni 4 imeshinda. Ukiweka nusu, A ni robo imeshindwa. Majibu mawili tofauti maana yake haijulikani, songa mbele, hujatumia hata nusu dakika.

Vipeo: 2 kipeo cha 3 jumlisha 2 kipeo cha 3. Watu wanajumlisha vipeo wanaandika 2 kipeo cha 6. Sio hivyo, ni 8 na 8, yaani 16, ambayo ni 2 kipeo cha 4. Vipeo vinajumlishwa ukizidisha, sio ukijumlisha.

Halafu kalkuleta ya kwenye skrini ipo ila msiitegemee, ni ya kawaida kabisa, jumlisha toa zidisha gawanya na kipeuo cha pili, na kubofya na mausi kunakula muda. Mimi naona inafaa kwenye zile grafu zenye namba mbaya mbaya tu.

#8

Mimi nafanya kazi, nina watoto wawili, saa mbili usiku ndio nakaa chini na hapo akili imeshalala. Mnaposema miezi minne mnaongelea watu wenye muda gani kwa siku?

#9 (mleta uzi)

Dada #8 pole na majukumu. Kwa hali yako usiku achana nao, weka lisaa limoja la alfajiri kabla nyumba haijaamka, kila siku, kuliko masaa sita ya Jumamosi. Hesabu ukiziacha siku tano zinakimbia, nadhani hilo sote tunalijua. Mchana kwenye foleni au chakula cha mchana angalia video moja ya Khan Academy, ni bure, na ile ya mada ya asubuhi sio mada mpya.

Kitu kingine nunua daftari moja la makosa. Kila swali ulilokosa liandike upya, na pembeni andika umelikosaje: sikujua, nimekokotoa vibaya, au sikusoma swali vizuri. Baada ya wiki mbili hilo daftari litakuambia ukweli. Kuna mtu niliyekuwa nasoma naye alikuwa anaamini aljebra ndio inamuua, daftari likaonyesha aljebra anaijua, anachokosa ni alama ya hasi ikiwa nje ya mabano, 5 − (x − 2) yeye anaandika 5 − x − 2. Inatakiwa 5 − x + 2. Akawa anafanya hiyo moja tu kila asubuhi kabla ya chai mpaka ikakaa.

Ukimaliza msingi ingia kwenye tovuti ya ETS kuna kijitabu chao cha marudio ya hesabu, bure, kimepangwa kwa zile mada nne. Hicho kisome chote. Halafu wana mitihani miwili ya majaribio ya bure inaitwa POWERPREP, hii usiichome mapema kwa udadisi. Wa kwanza fanya ukishamaliza msingi, wa pili wiki mbili hivi kabla ya siku yenyewe, kwa muda ule ule, simu umezima, watoto wameenda kwa bibi.

#10

Jamani msisahau lugha. Sisi wa shule za kata hesabu za msingi tulisoma kwa Kiswahili, sekondari tukarukia Kiingereza, sasa kuna maneno ya kwenye swali yanamaliza mtu. Wakisema "integer" ni namba kamili, na hasi zimo na sifuri imo. "Positive" sifuri haimo, ila "non-negative" sifuri imo. "Distinct" maana yake hazirudiwi. Na 1 sio namba tasa, 2 ni namba tasa na ni ya shufwa, wanaipenda sana hiyo. Mimi nilikuwa naelewa hesabu vizuri tu nakosa kwa sababu ya sifuri.

#11

Point nzuri sana #10. Na alama ngapi ndio nzuri? Na ukifeli ndio basi?

#12 (mleta uzi)

Inategemea unaomba nini. Uchumi wanataka ukaribie 170, sera na maendeleo ya jamii wana huruma zaidi, kurasa za programu nyingine zinaonyesha wastani wa waliochukuliwa, anzia hapo uweke lengo, usiweke lengo la kusikia kwa watu. Ukikosa unarudia baada ya siku 21, mpaka mara 5 ndani ya miezi 12, na unachagua alama za siku ipi zipelekwe chuoni, zile mbaya wanabaki nazo ETS. Alama zinaishi miaka 5. Ila kila kurudia ni dola 220 nyingine kwa hiyo msiende kujaribu bahati.

Na hakuna kukatwa alama kwa jibu la kosa, kwa hiyo usiache swali wazi hata moja. Likikushinda weka chochote, liwekee alama, nenda mbele, ndani ya kipande hicho hicho unaruhusiwa kulirudia muda ukibaki. Watu wa msingi mdogo tuna ugonjwa wa kung'ang'ania swali moja dakika tano kwa hasira, mwisho maswali matatu mepesi ya mwisho hujayaona kabisa.

Niwaachie moja mjaribu. Basi limeenda kilomita 120 kwa mwendo wa 60 kwa saa, limerudi njia hiyo hiyo kwa 40 kwa saa. Mwendo wa wastani kwa safari nzima?

#13

50. Rahisi hiyo mkuu, 60 na 40 gawanya kwa 2.

#14

#13 soma tena. Kwenda saa 2, kurudi saa 3, jumla saa 5. Kilomita 240 gawanya kwa 5 ni 48. Limekaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo mdogo, kwa hiyo wastani unavutwa chini ya 50.

#15 (yule wa #13)

Duh. Mkuu hivyo vitabu vya TIE ulisema vya kidato cha kwanza na cha pili eeh? Ngoja nianze na cha kwanza.